Kitambaa cha Mama juu ya Ordinatere

Kwanza niseme ukweli: mimi ni mutu wa moto. Nikipoteza funguo nalaumu watoto. Nikizipata ndani ya mukoba wangu mwenyewe, nalaumu mukoba. Mama anasema nilizaliwa siku ya kuchoma mashamba na moshi wenyewe haujanitoka mpaka leo. Basi ordinatere yetu, kompyuta ya nyumbani, ilipoanza kuzimika ovyo, pale nyumbani Kasongo, hakuna aliyepona. Niligombeza watoto, niligombeza fundi, nilimugombeza bwana yangu kwa simu, niligombeza hata jua. Mutu mmoja tu sikumugombeza, na habari hii ni yake.

Ile ordinatere ni ya sanduku na ekra, kioo chake cha kusomea, si ile ya kukunja. Bwana yangu anafanya biashara Salamabila, na huko anakaa wiki nyingi kuliko nyumbani. Aliipata kwa ofisi moja iliyokuwa inafunga, akaileta kwa pikipiki, imeviringishwa ndani ya blanketi kama mugonjwa. Tuliiweka saloni, chumba cha wageni, juu ya meza. Mimi nafundisha jeografia ku shule ya sekondari, kwa hiyo niliitumia kuandika mitihani yangu na ya wenzangu. Kuranti, umeme, tunapata kwa pano mbili za jua juu ya bati na batri mbili chini ya meza. Mchana, jua likiwa zuri, kazi inatembea. Usiku tunaacha batri zilishe taa.

Mama alikuja kwetu mwanzo wa kiangazi. Alitoka kijijini, huko Kabambare, kwa sababu ya masikio. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kufa. La kulia lilikuwa bado, lakini muuguzi aliyelipima aliniita kando akaniambia nisitegemee sana, linafuata njia ya mwenzake. Sikumuambia Mama. Alijua. Siku moja alinishika mukono akasema: «Sasa ukiwa na neno la kuniambia, uniambie mbio.»

Alipoona ordinatere imekaa saloni bila nguo, hakupenda. Kwetu kitu cha heshima hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, televizyo ina chake, kila kiti kina chake mugongoni, na kitambaa chenyewe hakinunuliwi: mwanamuke wa nyumba anakifuma kwa kroshe. Mama alikaa siku tatu barazani na uzi mweupe na uzi mwekundu, akaifumia ile sanduku kanzu nzima, inashuka mbele, inashuka nyuma, inashuka pembeni mpaka juu ya meza, na vishada kwenye pembe nne. Watoto wangu wawili walicheka wakasema ordinatere inakwenda komunyo ya kwanza. Mimi nilifurahi sana. Wageni walipoingia, macho yao yalikwenda pale kwanza.

Sasa nieleze jambo lililokuwa linamukula Mama.

Siku ya ndoa yangu, huko kijijini, Baba alisimama kusema maneno ya kunitoa. Kwa desturi yetu, baba wa bibi-arusi anasema na wakwe, anasema na binti yake, na mwisho anamutaja mama yake mutoto mbele ya watu wote: huyu ndiye aliyelea, huyu ndiye aliyelala na njaa. Mama alingojea lile neno tangu siku niliyozaliwa. Baba alipofungua mudomo tu, mvua ikaangusha. Mvua ya Kabambare juu ya bati, mwenye kuijua ataelewa. Baba hakunyamaza. Alisema, alisema, mikono inapaa, ndevu zinatikisika, na hakuna aliyesikia hata neno. Alipofunga mudomo tulipiga makofi, kwa sababu tuliona ameufunga.

Mama alikuwa amekaa kwa mulango pamoja na wapishi. Mvua ilimupiga ubavu muzima na yeye akatulia tu, kwa sababu mama wa bibi-arusi hakimbii-kimbii mbele ya wakwe. Aliyemuona akitetemeka ni shangazi yangu wa Nyangwe, dada yake Baba. Wale wawili walikuwa hawasalimiani tangu zamani, kisa kinu: Mama alimuazima kizima, kikarudi kimepasuka. Siku ile shangazi alipita katikati ya watu, akamuwekea Mama koti mabegani, akaondoka bila kusema kitu. Ugomvi wa kinu ukaishia pale. Tangu hapo, kila mwaka, mupunga ukisha kuvunwa, Mama anamufungia shangazi kuku mmoja munono na kumutuma Nyangwe kwa baiskeli.

«Ule mwanamuke aliniona nikitetemeka,» Mama anasema kila akifunga miguu ya kuku. «Bwana yangu mwenyewe hakuona. Alikuwa anawaangalia wakwe.»

Na swali lake lilikuwa lilelile: alinitaja ao hakunitaja?

«Mama, si ungemuuliza?»

«Mutu anaulizaje neno kama lile? Weye ungeuliza?»

«Ningeuliza siku ileile!»

«Weye, ndiyo,» alijibu, akaendelea na kroshe.

Baba alitutoka kiangazi cha mwaka uliopita. Alikufa na baridi. Jua linawaka nje, na yeye anasema baridi, baridi, na Mama anamufunika vitenge vyake, pagne juu ya pagne, mpaka zinakwisha ndani ya sanduku. Alikwenda na jibu lake.

Halafu, Mama akiwa kwangu, bwana yangu anapiga simu kutoka Salamabila. Amepata simu yake ya zamani, ile aliyokuwa nayo siku ya ndoa. Haiwaki tena, lakini kadi yake iko nzima, na ndani ya kadi kuna sauti: rafiki yake aliishika ile simu karibu na mudomo wa Baba na kurekodi maneno yote. Aliifunga kadi ndani ya karatasi ya sabuni, akampa mutu wa pikipiki anayepita kwetu. Baada ya siku mbili ilikuwa mukononi mwangu.

Tulikaa wote mbele ya ordinatere. Nikabonyeza. Weee! Mvua. Mvua tupu, na ndani ya mvua sauti ya Baba, mbali, kama mutu anayeita toka ng'ambo ya muto Lualaba. Nilitambua kukohoa kwake na neno moja moja. Mama aliweka sikio lake la kulia juu ya spika, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka mwisho. Alipoinuka alisema: «Nimesikia mvua.»

Siku hiyo nililia jikoni, na nikasema ni kitunguu.

Fundi wetu ana kibanda karibu na soko, anatengeneza simu, redio, ordinatere, hata pasi. Alinipa programu ya kuchuja sauti. Kazi yake, alinieleza, ni kusikiliza sauti kipande kwa kipande, kutambua mvua ni ipi na mutu ni nani, na kuitoa mvua. Lakini machini itafikiri kwa nguvu sana. «Uiwashie asubuhi, jua likiwa limepanda, uiachie masaa mawili, matatu. Usiisumbue.»

Nikafanya hivyo. Asubuhi nilivua kile kitambaa, nikaiwashia kazi, nikakiweka juu ya kiti, nikaenda kufundisha. Nilirudi mchana na moyo unaruka. Ordinatere imezimika. Kitambaa kiko juu yake, kimepangwa vizuri, vishada vinaning'inia.

«Mama, ilizimika saa ngapi?»

«Ilizimika? Mi sijui, mwanangu. Haikuniambia kitu.»

Watoto walipotoka shule nikawashika pale mulangoni: nani amegusa? Hakuna aliyegusa. Nikawanyima mupira siku mbili, kwa sababu nilikuwa na hakika ni wao.

Kesho yake, vilevile. Keshokutwa, vilevile. Na jambo la kunitia wazimu ni hili: nikiandika mitihani, ordinatere inakaa kutwa nzima bila tatizo. Nikiiambia imutafute Baba, inakufa. Nilishuku kuranti. Nikamupigia bwana yangu simu nikamuambia batri zake ni za bure, akaniambia zilezile zinawasha televizyo, nikamuambia asinifundishe. Nikaazima batri ya jirani. Ikazimika. Nikabadilisha nyaya. Ikazimika. Jumapili moja nilikaa mbele yake mimi mwenyewe, mikono magotini, kama mutu anayelinda mupunga na ndege. Ilifika karibu nusu, ikanguruma, pu! Ekra nyeusi.

Nikaibeba kwa fundi. Akaniambia ni virisi, ugonjwa wa ordinatere. Kwa fundi kila kitu ni virisi. «Tuifute yote, tuanze upya.»

«Ukifuta neno moja ndani ya machini hiyo,» nilimuambia, «nitakufuta weye.»

Alicheka, lakini aliona uso wangu, akachukua bisibisi. Alipofungua ubavu wa sanduku, aliita wenzake waje waone. Vumbi! Vumbi letu jekundu la barabara, limeshikana na moshi wa jikoni, limekuwa kama manyoya. Ile feni ndogo ya ndani, vantilatere, ilizunguka kwa shida kama mutu anayetembea ndani ya matope. Alichukua pompo ya baiskeli, akapuliza, akapuliza, tukakohoa sote. Akatoa dawa iliyokauka kati ya chuma na prosesere, akapaka nyingine mpya.

«Sikiliza, madamu,» aliniambia. «Prosesere ndiyo kichwa cha machini. Ikifikiri kidogo, inasikia joto kidogo. Ikifikiri sana, inawaka. Kama upepo haupiti, joto linapanda, na ikiona linazidi, inajizima yenyewe ili isiungue. Si kuranti. Inajiokoa.»

«Kwa hiyo ilikuwa inakasirika.»

«Kama weye,» alisema. Alijua kwamba nimemusamehe.

Akaipa kazi nzito pale kibandani, saa nzima. Haikuzimika. Niliirudisha nyumbani kwa furaha, nikanunua samaki. Asubuhi nikavua kitambaa, nikaiwashia kazi, nikaenda shule. Mchana: imezimika, imevaa kitambaa chake.

Sasa hapo niliishiwa. Kwa fundi inatembea, kwangu inakufa. Fundi akasema ni nyumba. Jirani yangu mwanamuke, aliyekuja kuchukua batri yake, alisema zaidi. Alisema bila kupunguza sauti, maana alidhani Mama, aliyekaa palepale, hasikii: pengine marehemu hataki. Kuna maneno mutu anayasema mara moja, akishakwenda hataki yarudiwe.

Niongeze nini? Nilimufukuza. Lakini Mama alikuwa amesikia. Jioni hiyo alikula wali kidogo tu na sombe, majani ya muhogo, akaiacha. Kesho yake akaanza kukunja nguo zake. Alisema mvua za kupanda mupunga zinakaribia, shamba haliwezi kungojea masikio yake.

«Mama, ngoja kidogo. Tutaisikia.»

«Pengine hataki,» alisema. «Pengine hakunitaja, na anaona haya.»

Nilizitoa zile nguo mukononi mwake, nikazitundika tena.

Jambo lilijulikana kwa sababu ya malaria. Nilipata homa ya kushtukia, nikatuma neno shuleni kwamba siji, nikatandika mukeka saloni, maana hapo ndipo penye hewa. Kabla ya kulala niliwasha kazi ya Baba, kwa mazoea tu, bila matumaini. Watoto walikwenda shule. Nilivuta shuka mpaka puani nikakaa hivyo, macho nusu, nikiangalia kile kimustari cha ekrani kinavyojaa polepole. Robo. Theluthi. Vantilatere ilivuma vizuri, sauti moja tu, na upepo wa moto ulitoka nyuma ya sanduku, nikauona unatikisa pazia. Nikaanza kuhesabu ndani ya homa yangu: leo itafika, leo itafika.

Mama akaingia. Alidhani nimelala. Alikwenda kwenye kiti, akachukua kile kitambaa, akakikung'uta mulangoni, akarudi mbele ya ordinatere. Akakishusha juu ya sanduku. Akakivuta mbele. Akakivuta nyuma, pale upepo unapotoka, akakikunja vizuri na kukibana chini ya sanduku kusiingie kitu. Pembeni vilevile.

Nikafungua mudomo. Naapa, maneno yote yalikuwa tayari kwenye ulimi: kumbe ni weye! Siku zote hizi, kumbe ni weye! Homa haikunizuia. Mimi ninaweza kupiga kelele hata nikiwa nakufa.

Halafu Mama akaipigapiga ile sanduku na kiganja, taratibu, vile mutu anavyopigapiga mugongo wa mutu anayeumwa. Akasema, kwa sauti kubwa kidogo kuliko alivyodhani, kama wanavyosema watu wenye masikio mazito:

«Basi. Sasa hautasikia baridi.»

Nikafunga mudomo.

Alitoka kwenda kuchambua mupunga barazani. Nilibaki pale nikisikiliza. Vantilatere ikaanza kupanda, ikalia, ikalia zaidi, na Mama, hatua tano kutoka pale, hakusikia kitu. Nusu. Zaidi kidogo ya nusu. Ningeweza kusimama na kukivuta kile kitambaa. Sijui kwa nini sikusimama. Machozi yalikuwa yananiingia masikioni, nimelala chali. Pu! Ikazimika.

Niliona yote kwa mara moja. Kila asubuhi namuacha pale, na machini iko uchi na inafanya kazi, na ndani yake kuna sauti ya bwana yake. Mwaka muzima wa mwisho wa Baba, kazi yake Mama ilikuwa ile moja: kufunika. Angefanya nini kingine? Na mimi nimefundisha watoto wa watu habari za upepo na joto miaka yote hii, na ndani ya nyumba yangu sikuona.

Nilimuita. Alikuja, akakaa kwenye mukeka, akaniwekea mukono kwenye paji.

«Mama,» nilisema karibu na sikio lake la kulia, polepole. «Ile machini. Fundi amesema ina vumbi kidogo lililobaki. Kwa hiyo inasikia joto. Si kitu. Ni vumbi tu.»

Aliniangalia. Aliangalia ordinatere. Aliangalia kile kitambaa.

«Unanidanganya.»

«Hapana, Mama!»

«Weye ukisema kweli unapiga kelele. Ukidanganya ndipo unaongea polepole hivi.» Akageukia tena ordinatere. «Joto. Ni mimi ninayemuziba.»

Alisimama, akakivua kile kitambaa, akaigusa sanduku, akautoa mukono haraka.

«Eh, Mungu wangu! Anaungua! Masiku yote haya mi namufunika, na yeye anaungua, na hasemi!»

«Mama, si yeye. Ni chuma.»

«Najua ni chuma! Unadhani mi mujinga?» Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje kunipigia kelele, na nikajua moto wangu nimeurithi wapi. Halafu akakaa kwenye kiti, kitambaa magotini, akalia. Nilitambaa kutoka kwenye mukeka, na homa yangu, nikaweka kichwa changu juu ya kile kitambaa, tukalia pamoja. Nilimuambia kweli, safari hii kwa kelele: hakuna mutu duniani aliyefunikwa vizuri kama Baba.

Tulingoja ipoe. Mama ndiye aliyeniuliza bisibisi iko wapi. Nilifungua ubavu wa sanduku kama fundi alivyofanya, nikaiwasha, nikaanzisha kazi upya. Mama alikwenda jikoni akarudi na kipepeo, kile cha kufumwa tunachopepea moto wa makala, akavuta kiti, akaanza kupepea.

«Mama, vantilatere inatosha sasa.»

«Lala.»

Sikulala. Alipepea kwa mukono wa kulia, ukichoka anabadilisha wa kushoto. Hakuacha hata mara moja. Robo. Nusu. Pale inapofia, hata mimi nilishika pumzi, na mukono wa Mama ukaongeza mwendo. Ikapita. Theluthi mbili. Watoto walirudi shuleni wakasimama mulangoni, mukubwa akaweka mufuko chini na kungoja. Kimustari kikajaa. Ordinatere ikatoa kile kimulio chake kidogo cha kazi kwisha, na Mama, ambaye hakukisikia, aliona uso wangu na kujua.

Nilimuletea spika mpaka kwenye sikio. Nikabonyeza.

Mvua ilikuwepo bado, lakini nje, kama mvua ya nyumba ya jirani. Na Baba alikuwa ndani. Alikohoa. Alisalimu wakwe, akawataja wazee wao mumoja mumoja. Halafu alinitaja mimi. «Huyu binti yangu ana kelele nyingi,» alisema. «Musimuogope. Akikasirika mumupe maji ya kunywa, anapoa.» Watoto waliangua kicheko, na mimi nikashindwa nicheke ao nilie. Mama alikuwa ametulia kabisa, mudomo wazi kidogo, kidole juu: nyamazeni.

Baba alisema habari ya uvumilivu. Alisema habari ya shamba. Alikuwa anakaribia mwisho, nilijua kwa sauti yake, na jina la Mama bado. Nilianza kumuomba Mungu kwa siri. Halafu Baba akakatiza maneno yake katikati. Akageuza kichwa, kwa sababu sauti ilipungua, na akasema chini chini, si kwa watu wote:

«Dada. We dada, sogea hapa. Chukua koti hii niliyoazima, umupelekee mama ya watoto. Amekaa pale kwa mulango, mvua inamupiga, na yule hawezi kusema. Umufunike vizuri. Usimuambie ni mimi, atairudisha.»

Halafu akapandisha sauti tena, akawashukuru watu kwa kufika, makofi yakapigwa, na sauti ikakatika. Hakumutaja Mama mbele ya watu.

Niligeuka kumuangalia, na woga.

«Rudisha,» alisema.

Nilirudisha. Alisikiliza na macho yake yamefungwa. «Rudisha.» Mara ya tatu aliisema pamoja naye, bila sauti, midomo tu: atairudisha.

«Kweli ningeirudisha,» alisema. «Alikuwa na kifua kibaya ule mwaka.»

Alifumbua macho. Ghafla akapiga goti lake kofi.

«Kuku wangu!»

«Mama?»

«Kuku wangu wote! Miaka yote namufungia shangazi yenu kuku wanono, na koti si yake! Na yeye anakula tu, ananyamaza!» Alicheka mpaka akashika ubavu, na machozi yakamushuka wakati uleule, hakuyapangusa. «Muchawi yule! Alimuahidi kaka yake, basi akanyamaza kweli. Mwaka huu nitamutumia wawili. Mumoja wa koti, mumoja wa kunyamaza.»

Mutoto wangu mukubwa akauliza kama tuifunike ordinatere sasa, kazi imekwisha. Mama alikichukua kile kitambaa cheupe chenye uzi mwekundu, akakikunjua. Akakiangalia. Akajiwekea mabegani mwake mwenyewe, akakivuta vizuri mbele, akafunga vishada viwili kifuani. Ilikuwa saa nane ya mchana, kiangazi, bati zinalia kwa jua. Hakukivua mpaka jioni, na hakuna kati yetu aliyemuuliza kama anasikia joto.